Askari na Breki za Nyuma

Makala yetu ya leo twaielekeza kwa ndugu zetu askari na polisi, hasa wale ambao kazi imewapeleka katika mwambao wa Kismayo. Wao wajua vyema kwamba gari lisilosimama kwenye kizuizi huhesabiwa kuwa la adui, wala mwenye bunduki hana muda wa kuuliza kama dereva alikanyaga breki zikakataa. Kwa hiyo, katika nchi ile, breki mbovu yaweza kuua hata pasipo ajali.

Adui wa kwanza wa breki huko ni chumvi. Katika visiwa vya Wabajuni, yaani Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo, nahodha hatweki tanga kabla ya kutazama kamba na nanga, kwani ajua jinsi maji ya bahari yanavyokula chuma. Gari la Kismayo lapigwa na upepo ule ule, lakini dereva aghalabu husahau. Katika magari makuukuu yenye diski nyuma, kama baadhi ya Land Cruiser za miaka ya 1990, pini ambazo kalipa huteleza juu yake hushikwa na kutu na mchanga. Hapo pedi moja huisha hadi chuma ilhali mwenzake bado ni nene. Basi zitazameni zote, ya ndani na ya nje. Ikibaki milimita 3 au pungufu, badilisheni pedi za magurudumu yote mawili ya nyuma.

Zuieni magurudumu ya mbele kwa mawe, legezeni breki ya mkono, na wekeni ubao imara chini ya jeki, kwa kuwa mchanga hudidimia. Kisha likalisheni gari juu ya stendi. Jeki pekee haiaminiki. Fungueni upande mmoja kwanza, ili wa pili uwe kielelezo. Kalipa ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa breki. Pini zisafishwe na kupakwa grisi ya breki. Vumbi lisipulizwe, kwani pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Wengi hukosea kwenye pistoni. Ikiwa breki ya mkono hufanya kazi ndani ya kalipa yenyewe, pistoni hurudishwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Kuilazimisha ni kuivunja. Lakini ikiwa breki ya mkono ina viatu vyake ndani ya diski, kama ilivyo katika Land Cruiser tulizozitaja, pistoni husukumwa moja kwa moja, polepole, huku mkitazama mafuta ya breki yasifurike. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na yakiwa na maji huchemka mapema. Chupa iliyokaa wazi isitumiwe. Oili ya injini isitiwe kamwe, kwani huharibu mipira.

Mwisho, na hili ndilo kubwa: kabla ya kuondoka, kanyageni pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni iliyorudishwa nyuma bado haijaigusa pedi, na mkanyago wa kwanza hushuka bure hadi sakafuni. Kisha jaribuni breki kwa mwendo wa pole, mahali peupe. Dakika hiyo moja isiachwe mpaka kizuizini.