Kusoma Nitrati kwa Rangi: Jicho, Kadi na Neno

Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna ya kusoma kipimo cha nitrati kinachotumiwa na watu wanaofuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo nyumbani. Huenda msomaji wa jarida la lugha akashangaa kuikuta mada hii hapa. Hata hivyo, kipimo hiki hakitoi nambari. Hutoa rangi, na rangi ni sharti ilinganishwe na itajwe. Anayekosea kuisoma atabadilisha maji bila sababu, au atayaacha maji yaliyochafuka mpaka samaki wadhoofike.

Asili ya nitrati

Samaki hutoa amonia, na mabaki ya chakula yanapooza huiongeza. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti hudhuru hata zikiwa kidogo. Nitrati ina upole zaidi, lakini hujilimbikiza kimyakimya. Maji huweza kuwa maangavu ilhali yamejaa nitrati. Hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji, au hufyonzwa na mimea. Wafugaji wengi wa samaki wa maji yasiyo ya chumvi hujitahidi isizidi miligramu 40 kwa lita.

Rangi hutoka wapi?

Nitrati yenyewe haina rangi. Katika vifaa vingi vya nyumbani, vumbi la zinki huirejesha nitrati kuwa nitriti, kisha nitriti hiyo huungana na kemikali nyingine kufanya rangi. Mbinu hii ya kuitambua nitriti inahusishwa na mkemia Mjerumani Peter Griess, aliyeieleza mwaka 1879.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, vumbi hutuama chini ya chupa. Asiyeitikisa vilivyo atapata rangi hafifu na kudhani maji yake ni salama. Pili, iwapo tangi ni jipya na bado lina nitriti, nitriti hiyo nayo huhesabiwa, na jibu huwa kubwa kuliko ukweli.

Utaratibu wa kifaa cha kampuni ya API, ambacho kimeenea sana, ni huu: mililita 5 za maji ya tangi hutiwa katika neli ya kioo, kisha matone 10 ya chupa ya kwanza, na neli hupinduliwapinduliwa. Chupa ya pili hutikiswa kwa nguvu kwa sekunde 30, matone 10 yake huongezwa, na neli hutikiswa kwa dakika 1 nzima. Hatimaye msomaji husubiri dakika 5.

Namna ya kusoma

Neli isomwe katika mwanga wa mchana, mbele ya sehemu nyeupe ya kadi. Taa yenye mwanga wa manjano huipotosha rangi. Kadi huanzia manjano, ambayo ni 0, ikapitia rangi ya chungwa hadi wekundu mzito wa 160. Ikumbukwe kwamba hatua zake ni 5, 10, 20, 40, 80 na 160. Kila hatua ni maradufu ya iliyotangulia. Kwa hiyo, kukosea hatua moja si kosa dogo: ni kusema nusu ya kiasi, au mara mbili yake.

Ugumu mkubwa upo kati ya 40 na 80, ambapo wekundu mmoja hufanana na mwingine. Dawa yake ni kuchanganya kipimo kimoja cha maji ya tangi na vipimo vinne vya maji yaliyokenekwa, kupima mchanganyiko huo, kisha kuzidisha jibu kwa 5. Rangi hurudi upande wa manjano na chungwa, ambako jicho hutofautisha kwa urahisi.

Aidha, ni vyema kuchunguza kipimo cha kadi. Baadhi ya kadi huhesabu nitrojeni pekee iliyomo katika nitrati. Jibu la kadi hizo huzidishwa kwa takriban 4.4 ili lilingane na zile nyingine.

Rangi na majina yake

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Mizizi ya rangi inayochukua upatanisho wa ngeli ni mitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingi nyingine tumezipa majina ya vitu: manjano, chungwa, kijivu, kijani. Lakini kitu hicho hakina sura moja. Machungwa mengi ya pwani yetu huiva yakiwa na ganda la kijani! Mtu akiandika kwamba maji yalikuwa “rangi ya chungwa”, je, alisoma 10 au 20? Jina halisemi.

Hata hivyo, lugha yetu haina upungufu katika jambo hili. Tuna vitenzi vya kueleza kiwango: rangi hukolea, huiva, hupauka, hufifia. Kipimo cha nitrati kwa hakika ni swali la kukolea. Anayefasiri maelezo ya kifaa hiki asiridhike na kuandika “nyekundu” mara tatu. Aseme nyekundu inayoelekea chungwa, nyekundu iliyoiva, nyekundu iliyokolea mithili ya damu ya mzee.

Hitimisho

Daftari la mfugaji liandikwe nambari, wala si jina la rangi; na pale jicho linapositasita, aandike “kati ya 20 na 40”. Asiyeweza kutofautisha wekundu na rangi jirani amwombe mwenzake amsomee. Neno hutusaidia kumweleza mwingine tulichokiona, lakini haliwezi kuona kwa niaba yetu. Tuitazame kadi kwanza, ndipo tuseme.