Hifadhi ya data nyumbani: kisanduku kinauzwa dukani, njia ya kukifikia haiuzwi

Mpiga video wa harusi anayetumia kamera mbili anaweza kurudi ofisini na GB 100 kwa usiku mmoja. Akitaka kuzipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa kasi ya Mbps 10, atasubiri kama saa 22, na hapo umeme usikatike. Hesabu hiyo ndiyo inayowapa soko watengenezaji wa NAS, kisanduku chenye diski moja, mbili au zaidi kinachochomekwa kwenye ruta na kutunza mafaili ya nyumba au ofisi nzima. Tangu Juni 1, 2021, Google ilipoacha kutoa hifadhi ya picha bure bila kikomo, familia nazo zimekuwa na sababu ya kupiga hesabu hiyohiyo.

Majina makubwa ya biashara hii yako Taiwan: Synology, iliyoanzishwa mwaka 2000, na QNAP ya mwaka 2004. Diski zinazoingia humo zinatoka kwa kampuni tatu tu duniani, Seagate, Western Digital na Toshiba. Mwaka 2025 Synology ilijaribu kuwabana wanunuzi wa modeli zake mpya za daraja la Plus watumie diski ilizoziidhinisha yenyewe. Wateja walikasirika, na Oktoba mwaka huo ikalegeza kamba.

Lakini mteja hanunui kisanduku ili akae nacho sebuleni. Anataka kuyafungua mafaili yake akiwa Dodoma, au ndugu aliyeko Muscat aitazame harusi kutoka hukohuko. Hapo ndipo biashara inapolegea, kwa sababu duka huuza chombo na kuishia hapo.

Kikwazo cha kwanza ni uhaba wa anwani za IPv4. AFRINIC, taasisi inayozigawa barani Afrika, iliingia awamu ya mwisho ya mgawo Januari 2020. Kampuni za simu na intaneti hubana matumizi kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungua ukurasa wa ruta yako, tazama anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Ikianza na 100, na namba inayofuata ikawa kati ya 64 na 127, uko kwenye kundi hilo, na hakuna mtu wa nje anayeweza kubisha hodi moja kwa moja. Anwani ya kudumu hupatikana kwa kawaida kwenye vifurushi vya biashara, kwa nyongeza ya ada.

Mwenye anwani yake mwenyewe huangukia hatari nyingine. Fundi humfungulia poti, yaani mlango wa mtandao, kwenye ruta, kazi ya dakika chache, na kisanduku kinabaki wazi kwa dunia nzima. Aprili 2021, programu ya uhalifu iitwayo Qlocker iliwafungia wenye QNAP mafaili yao kwa nywila na kudai bitcoin 0.01 kwa kila mmoja. Januari 2022 ikaja DeadBolt, ikitaka bitcoin 0.03 kwa mtumiaji, na bitcoin 50 kwa QNAP yenyewe ili itoe ufunguo wa wote. Polisi wa Uholanzi waliwazidi ujanja wahalifu hao Oktoba 2022 na kupata funguo 155. Waliofutiwa kabisa data kwenye diski za My Book Live za Western Digital, Juni 2021, hawakuwa hata na ufunguo wa kuununua.

Watengenezaji hutoa njia ya kupitia seva zao, kama QuickConnect ya Synology. Ni rahisi na haihitaji poti, ila unategemea afya ya kampuni. Western Digital ilipodukuliwa mwaka 2023, huduma ya My Cloud ilizimika kwa siku kadhaa, na wenye diski zao nyumbani wakabaki wamekwama. Tena seva hiyo ikiwa Ulaya, faili la kutoka Mbezi kwenda Kigamboni, ndani ya jiji moja, huvuka bahari kwenda na kurudi. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, sote tuliona maana yake.

Njia ninayoipendekeza bila kusita ni VPN, njia iliyosimbwa inayokuunganisha na mtandao wa nyumbani ukiwa mbali. WireGuard, iliyoingizwa kwenye Linux mwaka 2020, ni nyepesi na haina ada. Kwa walio nyuma ya anwani ya pamoja, Tailscale ya Kanada imejengwa juu yake: simu na kisanduku hutambulishana kupitia seva ya kampuni, kisha, hali ikiruhusu, huzungumza moja kwa moja. Kwa matumizi binafsi ni bure.

Maduka yetu yanaacha pesa mezani hapa. Kusimika VPN, kusasisha programu kila mwezi na kuweka nakala ya pili mahali pengine (diski mbili ndani ya kisanduku kimoja hazizuii mwizi wala moto) ni huduma ya kulipiwa kila mwezi.

Wewe mnunuzi, kabla ya kumlipa fundi, zima Wi-Fi, tumia bando la simu, mwambie afungue faili lako mbele yako. Kisha muulize amefungua poti ngapi kwenye ruta. Kama amefungua hata moja kwa ajili ya ukurasa wa kuingilia kisanduku, aifunge ndipo umlipe.