Ruta nayo ina mlango, ina baraza

NYUMBA njema si mlango, walinena wahenga wetu; fungua uingie ndani. Kauli hiyo sina ubishi nayo. Lakini hivi majuzi nilikwenda Eldoret kumzuru umbu langu, nikarudi na neno la kuongeza: iko nyumba ambayo mlango wake usipotazamwa kwanza, hata ndani hapakaliki. Nayo ni nyumba yenye intaneti.

Umbu langu aliolewa bara miaka mingi iliyopita, na makao yake ni mtaa wa Kapsoya. Kitinda mimba wake ni binti wa miaka 11. Mama yetu, Mungu amrehemu, aliusia kwamba mjukuu huyo asomeshwe Kurani na nyumba ile ile iliyotusomesha sisi. Si kwamba Eldoret hakuna madrasa. Zipo, na misikiti ipo, alhamdulillahi. Lakini wasia ni wasia.

Basi mwalimu yuko Mji wa Kale, Mombasa, na mwanafunzi yuko Eldoret, mwendo wa takriban kilomita 800. Kila siku baada ya Magharibi wakawa wanaonana kwa simu. Bando ilipokwisha katikati ya aya, somo nalo lilikwisha. Hata pale bando ilipokuwapo, sauti ilikwaruza. Na msomaji aliyepita chuoni anajua hatari yake. Moyo kwa Kiarabu ni qalb, kwa qafu itokayo kwenye shina la ulimi. Ukiteleza ukaitamka kwa kafu, umetaja mbwa. Mwalimu husahihisha kwa sikio, na sikio haliwezi kusahihisha lisichokisikia.

Ndipo baba wa mtoto akaamua kuvuta faiba nyumbani.

NURU ILIYOTOKA BAHARINI

Kabla sijaeleza yaliyotokea, hebu tuutazame waya wenyewe, maana sisi watu wa pwani una sehemu yetu ndani yake.

Zamani, sauti na habari za Kenya za kwenda ng'ambo zilipitia kituo cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970. Zilirushwa hadi setilaiti iliyo juu kiasi cha kilomita 36,000, kisha zikateremshwa upande wa pili. Ndiyo maana ulipomuuliza hali ndugu yako aliyeko Muscat, jibu lilichelewa kana kwamba anafikiri kwanza.

Mwezi Juni mwaka 2009, waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, kwenye Ghuba ya Oman, upande ule ule ambako majahazi ya kaskazi yalikuwa yakituletea tende na salamu. Mwezi Julai mwaka huo huo waya wa SEACOM ukaanza kazi, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Kutoka pwani, nyaya za nchi kavu zilipandishwa hadi Nairobi na miji ya Bonde la Ufa. Reli nayo ilianzia kwetu mwaka 1896, ikaifikia Eldoret mwaka 1924. Mji huo, uliopewa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024, umezoea kupokea mambo yanayopanda kutoka baharini.

Ndani ya faiba hamna umeme. Mna uzi wa kioo, mwembamba mfano wa unywele, na ndani ya kioo hupita nuru. Elimu ya nuru si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika mjini Cairo katika karne ya 11 kitabu kikubwa cha nuru na kuona, Kitab al-Manazir. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitabeba nuru masafa marefu. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka ule ule nyaya zilipotua Mombasa. Nuru ndani ya kioo hukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde moja. Kutoka Mombasa hadi Eldoret huhitaji kama sehemu nne tu za elfu ya sekunde.

KIJISANDUKU NYUMA YA TELEVISHENI

Nilipowasili, fundi wa kampuni moja alikuwa amekwisha kuja na kuondoka. Alileta waya kutoka kwenye nguzo, akauchomeka kwenye ruta, akaandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, akaaga. Ruta aliiweka nyuma ya televisheni, pembeni mwa sebule, kwa sababu hapo ndipo waya ulipoingilia.

Somo la jioni likawa baya kuliko la bando. Mwalimu anasema "rudia," mtoto anarudia, picha inaganda. Umbu langu akaniambia, "Kaka, tumelipa pesa zote hizi, na wasia wa mama uko pale pale."

Tukaanza na mahali. Ruta hutangaza mawimbi kama muadhini. Ukimfungia muadhini kabatini, mtaa hausikii. Mawimbi yake aghalabu ni ya aina mbili: ya gigahezi 2.4, yafikayo mbali na kupenya kuta, na ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Chumba cha mtoto kilikuwa nyuma ya kuta mbili za mawe. Tukaihamishia ruta ukumbini katikati ya nyumba, juu ya rafu, mbali na vyuma na joko la mawimbi la jikoni. Uzi wa kioo tuliuzungusha pole pole bila kuukunja, maana ukivunjika hauungwi kwa utepe. Wala usiuchungulie ncha yake, nuru yake huumiza jicho ingawa haionekani. Tukatazama taa: taa ya LOS ikiwaka nyekundu, nuru haifiki. Yetu haikuwaka. Njia ilikuwa nzima.

Hata hivyo jioni ya pili sauti ilikatika tena.

WAGENI 17

Ndipo nilipomwomba mpwa wangu wa kiume afungue ukurasa wa ruta yenyewe. Haukutaka ufundi mkubwa. Anwani yake imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au mfano wake. Jina na neno la siri la kuingilia hapo lilikuwa lile lile la kiwandani, ambalo yeyote aweza kulikisia. Tukaona orodha ya waliounganishwa. Nyumba ina watu watano. Orodha ilikuwa na vyombo 17.

Umbu langu akashika kinywa. Kumbe kijana wa jirani aliomba neno la siri, naye akampa. Asiyemnyima jirani maji atamnyimaje waya? Kijana akampa ndugu yake, ndugu akawapa wenzake, na kila jioni walikuwa nje ya ukuta wakitazama mpira.

Hesabu yake ni nyepesi. Nyumba ililipia megabiti 10 kwa sekunde. (Biti 8 ndizo baiti moja, basi hizo ni kama megabaiti moja na robo. Wengi huchanganya mawili hayo wakadhani wamepunjwa.) Picha safi ya mpira hula kama megabiti 5. Watazamaji wawili wakamaliza chote, na somo, ambalo kwa sauti halitaki hata megabiti moja, likasongwa.

Shemeji akasema vijana wote wafukuzwe. Umbu langu akakataa: "Jirani ana haki yake. Nitamtazamaje mama yao kesho?" Wote wawili walikuwa na hoja.

Hapo nikakumbuka nyumba zetu za Lamu na Mombasa. Mpita njia hukaa barazani, apewe kahawa. Aliye karibu zaidi huingia sebuleni. Ndani ni pa wenyewe. Mjenzi wa kale hakumfukuza mgeni, wala hakumwachia vyumba vyote. Na Sura ya Nuru inatufunza tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu. Neno la siri ni hodi. Likienea mtaani, hodi imekwisha maana.

Ruta nyingi za siku hizi zina baraza hiyo: mtandao wa wageni, wenye jina lake na neno lake, usioona vyombo vya ndani. Tukaufungua, tukauwekea kikomo cha megabiti 3. Mtandao wa ndani tukaupa neno jipya refu, tukachagua ulinzi wa WPA2, na neno la kiwandani la ukurasa wa ruta tukalibadilisha. Tukaweka pia anwani ya DNS 1.1.1.3, ambayo Cloudflare iliitoa bure mwaka 2020, na ambayo huzuia kurasa nyingi za uchafu. Hii si ngome. Mtoto mwenye bando yake ataizunguka. Kazi ya mzazi iko pale pale.

Kisha tukamwonya kila mtu: radi ikianza kunguruma, kama ingurumavyo Eldoret nyakati za alasiri, chomoa adapta. Kioo hakipitishi umeme, lakini adapta hupitisha.

SOMO LA JIONI

Jioni ya tatu nilikaa mlangoni mwa chumba. Mtoto alisoma, akafika penye qafu, akateleza. Kutoka Mji wa Kale sauti ikaja safi, "Hapana, mwanangu. Nyuma zaidi." Akarudia. "Tena." Akarudia. "Barakallahu fiki."

Nje ya ukuta vijana walikuwa barazani mwao, wakiteta kwamba mpira unaganda. Umbu langu aliwapelekea chai.

Nawaambia basi wenzangu wenye nyumba: fundi akimaliza, usimwage hivi hivi. Muulize ruta itakaa wapi, funguo zake ni zipi, na baraza yake iko wapi. Nyumba ni yako, na atakayeulizwa habari zake ni wewe.