Kitu Hakisimami Chenyewe

Kwa karne nyingi wanadamu waliamini, wakimfuata Aristotle wa Uyunani, ya kuwa kila kiendacho hakina budi kuwa na cha kukisukuma wakati wote, na kwamba msukumo ukiondoka mwendo nao hukoma. Wala imani hiyo haikuwa ya wajinga, maana macho huishuhudia kila siku katika mkokoteni unaoachwa njiani na mpira unaofifia uwanjani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliona kwamba kitu kilichorushwa mahali patupu pasipo kizuizi kisingesimama. Galileo akaipinga imani ile kwa majaribio. Na Isaac Newton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1687, akaiweka kanuni iliyo kinyume chake: kilichotulia hubaki kimetulia, na kiendacho huendelea kwa mwendo ule ule katika mstari ulionyooka, maadam hakuna kani ya kukigeuza hali. Tabia hiyo ya kushikilia hali ndiyo wanafizikia waiitayo inesha.

Wanafunzi wetu huihifadhi kanuni hii na kuisoma bila kukwama, ilhali aghalabu hawajapata kuiona ikitenda kazi. Nami nasadiki kwamba elimu ya mwendo huingia kwanza kwa mkono na jicho, kisha ndipo ulimi uipe maneno yake. Na majaribio ya kuifunza hayahitaji maabara wala fedha.

La kwanza ni la gololi. Uinamishe ubao juu ya kitabu, kisha uachie gololi kutoka alama moja kila mara, ishukie kwanza kwenye mchanga, halafu kwenye mkeka, na mwisho kwenye sakafu laini ya saruji. Mchangani itakwama papo hapo, mkekani itajikokota kidogo, na sakafuni itakwenda mbali. Gololi ni ile ile, na kasi yake ya kufika chini ni ile ile. Kilichobadilika ni ukinzani wa kile inachopita juu yake. Basi ni dhahiri kuwa gololi haisimami kwa hiari yake, bali husimamishwa.

La pili ni la jiwe na nyuzi, nalo hustaajabisha hata watu wazima. Lining'inize jiwe la kiasi cha nusu kilo kwenye boriti kwa uzi wa kushonea, na chini yake ufunge kipande kingine cha uzi huo huo. Tandika gunia sakafuni na uiweke miguu kando. Ukiuvuta uzi wa chini polepole, utakatika ule wa juu, kwa sababu umebeba uzito wa jiwe pamoja na nguvu ya mkono wako. Funga upya, kisha uuvute kwa ghafula: safari hii utakatika wa chini, na jiwe litabaki likining'inia, kwa kuwa inesha yake hairuhusu lisogee upesi kiasi cha kuufikishia uzi wa juu mvuto ule kabla wa chini haujakatika.

La tatu ni la msuguano. Twaa kipande cha mbao kilichopigwa randa pande zote, chenye umbo la tofali, ukikokote mezani kwa utepe wa mpira. Utepe utarefuka sana kabla mbao haijang'oka, kisha utapungua ikishaanza kwenda. Na wanaoshua chombo kutoka ufukweni waijua hali hiyo, maana mvuto wa kwanza ndio mzito kuliko yote. Ukikilaza kipande kwa ubapa au kwa ubavu, utepe hurefuka takriban sawa. Ukikiongezea mzigo juu, hurefuka zaidi. Hayo ndiyo aliyoyaeleza Mfaransa Guillaume Amontons mwaka 1699: msuguano hufuata uzito unaokandamiza, haufuati upana wa mahali panapogusana. Sasa tandika penseli za mviringo chini ya mbao, nawe utafahamu kwa nini mafundi hutandika magogo chini ya mkuku.

Msuguano usidhaniwe kuwa adui, kwani pasipo huo mguu usingeweza kupiga hatua wala breki kuzuia gari. Gari likizuiwa ghafula, mwili wa abiria hushikilia mwendo ule liliokuwa nao, na mkanda ndio unaompa kani ya kumsimamisha salama. Fauka ya hayo, kasi ikiongezeka maradufu, umbali ambao gari huuhitaji ili lisimame baada ya breki kushika huwa mara nne. Na lami iliyolowa au tairi lililoisha kashata huuongeza zaidi.

Kwa hiyo nawasihi walimu na wazazi wawape watoto gololi, uzi na kipande cha mbao kabla ya kuwapa tafsili za kukariri, wawaache wabashiri litakalotokea, wajaribu, kisha waulizwe sababu. Maana aliyeukata uzi kwa mkono wake hatahitaji kukumbushwa kanuni ya Newton siku ya mtihani, wala kufunga mkanda siku ya safari.