Dinosau mwenye manyoya: manyoya yapi?

Katika somo letu la tafsiri hapa Bujumbura tuliwapa wanafunzi aya moja kuhusu Velociraptor, dinosau mdogo mla nyama. Mmoja aliandika: "mjusi mdogo mwenye manyoya". Sisi, tukimkumbuka mnyama wa filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, mkubwa kama mtu na mwenye ngozi tupu, tulilikata neno manyoya kwa wino mwekundu. Tulikosea.

Kinachohitaji kurekebishwa ni "mjusi", kwani dinosau si mjusi, na ndege ndio wazao wake. Manyoya anayo, ila Kiswahili husema manyoya ya kondoo na manyoya ya kuku pia! Mfasiri hana budi kuuliza ni kitu gani hasa kilichoonekana katika visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe.

Sinosauropteryx wa Liaoning, China, aliyetangazwa mwaka 1996, alikuwa na nyuzi laini mwilini. Kwake tungependelea neno malaika. Habari ya Velociraptor ni nyingine. Alichimbuliwa Mongolia mwaka 1923, akapewa jina mwaka 1924, na hapakuonekana unyoya hata mmoja. Mwaka 2007 wataalamu waliona vinundu sita vimepangana kwenye mfupa wa mkono wa mmoja wao. Ndege wengi wanavyo vinundu hivyo pale mashina ya manyoya ya bawa yanaposhikizwa. Basi hayo ni manyoya ya bawa, ingawa mwenyewe hakuruka.

Na kwetu Afrika Mashariki? Huko Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania, Wajerumani na mamia ya vibarua wenyeji walichimba kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, wakati Urundi nayo ilikuwa ndani ya koloni hilohilo. Humo alipatikana Elaphrosaurus, mwembamba, mwenye miguu ya mbio, urefu wa mita 6 hivi, aliyepewa jina mwaka 1920. Fuvu lake halikupatikana, wala alama ya unyoya. Manyoya huhifadhika kwa nadra, mzoga ukifunikwa upesi na tope laini au majivu ya volkano, kama ilivyokuwa Liaoning. Kwa hiyo mwanafunzi akimtafsiri Elaphrosaurus asimvike manyoya kwa kuwa tu jamaa zake wa mbali walikuwa nayo. Wala asiandike kwamba hakuwa nayo.

Karatasi ile tuliiomba tena. Tulikata "mjusi", tukarudisha "manyoya" na kuongeza "ya ndege", kisha tukampa alama zake.