Joto la Kasese: kompyuta nyingi zahitaji kupunguziwa volti, si kuongezewa kasi

KATUNGURU. Saa nane mchana, tambarare inayotoka mfereji wa Kazinga kuelekea Kasese huwaka. Kwa mwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, joto hilo lina sauti yake: feni ya kompyuta inavuma, mashine inazubaa, kisha inajizima kazi ya mteja ikiwa nusu.

Dawa ambayo vijana wapenda kompyuta hukimbilia ni programu ya kuongeza kasi. Inafanya kazi kweli, na hapo ndipo hatari ilipo.

Prosesa huenda kwa mapigo. Katika mashine za zamani, mfano zile za Core 2 Duo, mapigo hayo huanzia kwenye basi, njia ya mawasiliano kati ya prosesa na sehemu nyingine za mazabodi (si basi la Kampala linalovuka daraja la Katunguru). Basi likipiga megahezi 200, na prosesa ikizidisha mara 10, kasi inakuwa gigahezi 2. Programu kama SetFSB humwezesha mtu kupandisha 200 hiyo hadi 220 bila kufungua hata skrubu moja. Lakini ni lazima kwanza achague aina sahihi ya chipu inayotoa mapigo kwenye mazabodi yake. Akikosea, mashine inaganda. Na katika baadhi ya mazabodi za zamani, kupandisha basi huvuta pia mapigo ya diski, na mafaili yanaweza kuharibika.

Mapigo yakiongezeka sana, prosesa hudai volti zaidi ili isiyumbe. Hesabu yake ni kali: umeme unaoliwa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Ongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10, na prosesa itakula takriban theluthi moja zaidi. Yote hiyo hutoka ikiwa joto, katika chumba chenye paa la bati.

Hesabu hiyohiyo ikigeuzwa inamfaa mwenye duka. Volti ya prosesa ikishushwa asilimia 10, kwa mfano kutoka 1.2 hadi 1.08, na kasi ikaachwa ilivyo, ulaji wa umeme hupungua karibu asilimia 19. Feni hutulia, na anayetumia sola hupata muda zaidi kwenye betri. Programu kama ThrottleStop hushusha kwa milivolti chache kila mara. Fundi mwenye subira hushusha kidogo, huifanyisha mashine kazi nzito kwa saa kadhaa, ndipo hushuka tena. Ikiganda, huizima na kuiwasha. Kwa kawaida mpangilio uliowekwa kwa programu hupotea mashine ikizimwa, ilimradi haujaamriwa kujirudia kila inapowaka.

Kuna mkanganyiko mmoja unaogharimu watu fedha. Volti hizi si zile za ukutani. Umeme wa Uganda ni volti 240. Prosesa hupata takriban volti moja, baada ya kushushwa na chaja na mazabodi. Hakuna programu itakayoilinda mashine umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Hilo ni jukumu la stabilaiza au UPS, iwe Bwera au ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, kule Kasindi.

Si kila kompyuta inakubali. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza Plundervolt, mbinu ya kuiba siri ndani ya prosesa za Intel kwa kuchezea volti kwa programu. Intel ilitoa marekebisho ya kufunga mlango huo, na laptopu nyingi zilizoyapokea hazibadilishwi volti tena.

Kwa mashine hizo, bado kuna njia ndani ya Windows yenyewe. Katika mipangilio ya umeme, kiwango cha juu cha prosesa kikitolewa asilimia 100 na kuwekwa 99, laptopu nyingi huacha kujikimbiza kupita kasi yake ya kawaida, na joto hushuka. Kwa kuchapa barua, mteja hataona tofauti. Kabla ya hapo, vumbi la kwenye feni litolewe.