Jukwaa la Mtoto wa Darasa la Pili

Mwashi ajengaye ukuta mrefu hawezi kuufikia juu kwa kunyoosha mkono. Husimamisha kwanza jukwaa la miti, akapanda, akaendelea na kazi. Lakini ukuta ukiisha kukamilika jukwaa huondolewa, kwani nyumba isiyoweza kusimama bila ya jukwaa si nyumba. Mwaka 1976 wataalamu watatu, David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross, walitumia mfano huo kueleza jinsi mtu mzima anavyomsaidia mtoto kutenda jambo ambalo peke yake bado hajaliweza.

Ndugu wasomaji, mfano huo wafaa sana tunapolitazama Darasa la Pili. Mtaala ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 uliyapa madarasa mawili ya mwanzo kazi moja kubwa: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Sababu yake yaeleweka. Kuanzia Darasa la Tatu mtoto hutakiwa kusoma ili apate maarifa. Asiyejua kusoma wakati huo huachwa nyuma katika kila somo, na kosa si lake.

Kiswahili kina irabu 5 tu, nacho huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Hiyo ni neema, lakini ina hatari yake. Mtoto aweza kutamka silabi zote za ukurasa kwa sauti kubwa, nawe ukimwuliza amesoma habari gani, asijue. Yule azungumzaye Kisukuma au Kihaya nyumbani yumo katika hatari zaidi, maana huenda neno lenyewe hajapata kulisikia.

Basi yampasa mwalimu aipange kazi yake kwa juma zima. Tuchukue hadithi fupi ya ng'ombe wa maziwa. Jumatatu mwalimu aisome mwenyewe, watoto wasikilize na kuizungumza. Jumanne waisome pamoja naye, wakitofautisha "ng'ombe" na "ngoma", waone jinsi alama ndogo ya ritifaa inavyobadili sauti. Jumatano wasomeane wawili wawili. Alhamisi kila mmoja asome peke yake. Ijumaa aandike sentensi 3 zilizo zake, wala si za kunakili ubaoni. Hivyo kila siku mti mmoja wa jukwaa huondolewa.

Mtoto akikwama, asipewe jibu papo hapo. Kwanza asubiriwe, kisha aambiwe aitazame silabi ya kwanza, kisha mwalimu atamke pamoja naye. Jibu kamili liwe msaada wa mwisho.

Tena hadithi hiyo isifungiwe katika kipindi cha Kusoma. Katika Kuhesabu, ng'ombe atoe lita 6 asubuhi na lita 4 jioni, na mtoto aisome hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kuijumlisha. Katika masomo ya afya na mazingira, ajifunze ng'ombe hula nini, na kwa nini maziwa huchemshwa. Katika kazi za mikono, afinyange ng'ombe wa udongo na kuandika jina lake kwenye kikaratasi. Neno lililokutwa mahali pengi hivyo halisahauliki upesi.

Watasema wengine kwamba darasa la watoto 70 haliruhusu hayo. Shida hiyo ni ya kweli, nayo haiondolewi kwa maneno. Madarasa na walimu hawana budi kuongezwa. Lakini wingi huo ndio unaodai mpango zaidi: wengine wakisomeana wawili wawili, mwalimu apata nafasi ya kuketi na kundi moja kila siku.

Nasi wazazi tusimwachie mwalimu mzigo wote. Mfanyakazi arudipo jioni kutoka kiwandani au bandarini, ampe mwanawe gazeti hili amsomee kichwa kimoja cha habari, kisha amwulize: "Maana yake nini?" Swali hilo halihitaji fedha wala shahada, na kwa jibu lake mzazi atajua kama ukuta unasimama.